Mfumo wa dawa umenipaka rangi nyekundu, msimamizi anagoma kusaini logbuku. Nijitetee vipi?

tarajali_mchovu

Habari za usiku wakuu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni daktari tarajali, niko mwezi wa tano, hospitali moja ya rufaa ya mkoa ambayo sitaitaja maana nataka nimalize salama. Nilianzia watoto sasa hivi niko wodi ya magonjwa ya ndani.

Iko hivi. Hospitali yetu imefunga kwenye mfumo ile sehemu ya kukagua dawa. Ukiandika dawa kompyuta inalinganisha na mwongozo wa taifa wa matibabu, inaangalia umri, uzito, vipimo vya figo na dawa zingine anazotumia mgonjwa, ikiona kuna shida inakurushia kidirisha chekundu. Hapo unachagua kubadilisha au kuendelea, ukiendelea inakuuliza sababu, zipo nne na ya tano ni "nyingine". Mpaka hapo sina ugomvi nayo, imeshaniokoa. Kuna bibi nilikuwa namwandikia metformini nimekazana na sukari yake tu, kumbe figo zake zinachuja 24 tu, chini sana kwa dawa hiyo, kidirisha kikatokea nikashtuka mwenyewe.

Sasa wiki iliyopita msimamizi wetu kaja na karatasi imeprintiwa, kila tarajali na jina lake, maonyo aliyopata, maonyo aliyoyapita, asilimia, halafu rangi. Mimi nina maonyo 63 nimepita 52. Nyekundu. Tuko tisa na mimi ndo wa mkiani, kuna mwenzangu ana maonyo 11 tu yuko kijani anatembea kifua mbele. Na msimamizi kasema kwenye logbuku, kile kitabu cha kusainiwa mafunzo yetu, ukurasa wangu wa uandishi wa dawa hausaini mpaka kikao cha Alhamisi nieleze.

Wakuu hebu niambieni, raundi ya asubuhi bingwa anasimama kitandani anasema "huyu mpe seftriaksoni gramu mbili mara mbili", mimi niko nyuma na kompyuta ya magurudumu naandika, kidirisha kinatokea kwangu. Nani kaamua hapo? Au mwongozo unasema ampisilini na jentamaisini, napiga simu famasi naambiwa ampisilini haipo tangu Ijumaa, naandika kilichopo, onyo. Na la tatu ndo linaniuma, wodi ina kompyuta mbili moja kibodi haina herufi A, kwa hiyo hiyo nzima naifungua mimi saa moja asubuhi kwa paswedi yangu na inabaki hivyo mpaka jioni kwa sababu kutoka na kuingia upya ukikuta mtandao mzito ni dakika nne tano, watu wote wanaandikia hapo hapo mpaka wanafunzi.

Je hii ni haki? Na Alhamisi nikaseme nini bila kuonekana nabishana na wakubwa?

kibiriti_ngoma

Paswedi yako inatumika na wodi nzima halafu unauliza kama ni haki hahaha, dada wewe una bahati hawajaandika hati ya kifo kwa jina lako

mfamasia_wa_zamani

Pole dada. Mimi ni mfamasia, nimekaa kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali kwa muda, karatasi kama hiyo nimeshawahi kuitengeneza mwenyewe na nilikosea kama walivyokosea hao, kwa hiyo nakuandikia kama mkosaji mwenzao.

Kwanza uliza wamegawanya kwa nini. Maonyo 63 kwa cheti ngapi za dawa? Wodi ya ndani mgonjwa mmoja ana presha, sukari, figo, na nimonia juu yake, dawa nane, kila dawa inagongana na nyingine. Huyo mwenzako wa 11 yuko wapi? Kama yuko upasuaji anaandika paracetamoli, metronidazoli na dripu hata mimi nikilala usingizi nitakuwa kijani.

Pili, kupita onyo siyo kosa. Hili watu wengi hawalijui. Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 yalikuta madaktari wanapita maonyo ya usalama wa dawa kati ya 49% na 96%, na mara nyingi walikuwa na sababu ya maana. Mashine inalia kwa kila kitu, mpaka paracetamoli ya vidonge ikikutana na ya mshipani, mtu anazoea kelele kama anayekaa jirani na mashine ya kusaga. Ukimpima daktari kwa idadi ya maonyo aliyoyapita utakuwa umeipima kelele ya mashine.

Tatu, nina hakika kwenye hiyo karatasi kuna safu ya antibaiotiki, sijui kama uliiona. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibaiotiki makundi matatu, la kuanzia, la kuangaliwa na la akiba, wanaliita AWaRe, na mwaka 2024 kwenye Umoja wa Mataifa nchi zikakubaliana kwamba ikifika 2030 angalau 70% ya antibaiotiki wanazotumia binadamu duniani ziwe za kundi la kuanzia. Sasa watu wanachukua hiyo 70% wanambandika daktari mmoja mmoja. Hapana! Hicho ni kipimo cha matumizi ya jumla, ndani yake kuna mtoto wa zahanati aliyepewa amoksilini na mtu wa homa ya uti wa mgongo aliyepewa seftriaksoni. Seftriaksoni iko kundi la kuangaliwa na kwa homa ya uti wa mgongo ndiyo dawa yenyewe, gramu mbili kila saa 12 kama bingwa wako alivyosema. Ukiwa kwenye wodi wanakoletwa waliozidiwa asilimia yako lazima iwe mbaya, na ingekuwa nzuri ningeogopa.

Cha kufanya, omba orodha ghafi. Siyo karatasi ya rangi, orodha yenyewe, kila onyo na tarehe na saa na mgonjwa na sababu iliyochaguliwa. Mfumo unayo, wasikwambie haipo. Halafu kaa na rosta ya zamu zako, pitia moja moja. Usiende kikaoni na maneno matupu.

daktari_mkongwe

Mfamasia kasema vizuri ila naona mnamlea huyu binti.

Mdogo wangu, nimesaini logbuku za tarajali zaidi ya miaka kumi. Unajua kabla ya kompyuta tulikuwa tunawapima kwa nini? Kwa sura. Tarajali mchangamfu, anakuja mapema, anajibu "ndiyo bosi", nasaini. Tarajali mpole asiyeongea, naandika "aongeze juhudi". Cheti zao nilikuwa naziona? Nilikuwa naona zile mbaya sana ambazo famasi walinipigia simu, basi. Kuna kijana nilimsainia ukurasa mzima siku moja nikiwa nimesimama mlangoni, alikuja kufanya kazi wilayani akawa anampa kila mtoto mwenye mafua sindano ya jentamaisini. Saini ni yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta inaonea namwambia ndiyo inaonea, lakini angalau imesoma cheti zote 400 na mimi sikusoma hata kumi.

La pili. Unasema bingwa ndo kaamua. Sawa. Kidirisha kilitokea kwa nani? Kwako. Yeye ameshahamia kitanda cha sita, hajakiona. Mtu pekee kwenye ile wodi aliyejua kwamba kuna onyo ni wewe, na ukabonyeza endelea. Mara ngapi ulisema "samahani bosi, mfumo unasema figo zake ziko hivi, tuendelee?" Hata mara moja?

tarajali_mchovu

Dokta mkongwe shikamoo. Mara moja nilisema. Nikaulizwa mbele ya wanafunzi kama nimekuja kujifunza kwake au kwa kompyuta. Sikurudia.

daktari_mkongwe

Marahaba. Basi hilo kalieleze Alhamisi, kwa upole, bila jina la mtu. Maana hapo kipimo kimemkamata asiyehusika.

waya_mwekundu

Mimi siyo daktari, niko upande wa mifumo, tumefunga vitu kama hivi sehemu kadhaa, nisameheni nikikosea lugha yenu.

Mfumo haujui nani kaamua. Unajua akaunti, saa na kitufe kilichobonyezwa, basi. Kama wangetaka kujua ya raundi wangeweka sehemu ya "kwa agizo la" ujaze jina la bingwa, ni kazi ya siku moja kwa mtengenezaji, mbona kwenye damu na upasuaji huwa ipo. Na dawa kuisha stoo, kama famasi wanatumia mfumo huo huo basi mfumo unajua kwamba ampisilini ni sifuri, halafu unakulaumu kwa kutoiandika, hiyo ni aibu yetu sisi siyo yako. Kuhusu paswedi sikutetei, ila najua ukimwekea mtu mlango wa dakika tano ataufunga kwa jiwe ubaki wazi.

Kingine, zile kanuni ndani kuna binadamu kaziandika, kakaa na mwongozo kafungua ukurasa kajaza. Mwongozo ukibadilika mtu asipoingia kubadilisha mashine inaendelea kusahihisha kwa majibu ya mwaka juzi. Muulizeni anayesimamia, kanuni zimeguswa lini mara ya mwisho? Mtaona anavyokuna kichwa.

Na hili la nani ana majibu sahihi ni la zamani sana. Kuna programu ya kompyuta ya chuo cha Stanford, Marekani, ya miaka ya 70 inaitwa MYCIN, ilikuwa inashauri antibaiotiki. Matokeo yalitoka 1979, walichukua wagonjwa kumi wa homa ya uti wa mgongo, wakaipambanisha na madaktari wa pale Stanford pamoja na mwanafunzi mmoja, wasahihishaji nane mabingwa hawakuambiwa jibu lipi ni la mashine. Mashine ikapata 65%, daktari aliyefanya vizuri kuliko wote 62.5%, mwanafunzi 30%. Watu wanaisimulia hiyo kama ushindi wa kompyuta. Mimi naona kitu kingine, bingwa anayefundisha chuo kikubwa vile anasahihishwa na mabingwa wenzake asiowajua na hafiki hata 70. Kama mabingwa hawakubaliani wao kwa wao, yule anayempa tarajali 17% (maonyo 11 kati ya 63 ambayo hakuyapita) na rangi nyekundu kazitoa wapi?

tabibu_wa_kata

Tuongee na upande wa pili jamani maana wengine tuko chini huku hatuna bingwa wala raundi.

Vipo vituo 40 vya Mbeya na Morogoro vilikuwa kwenye utafiti wa tableti ya kutibu watoto chini ya miaka 15, inaitwa ePOCT+, matokeo yake yalitoka 2024. Kituo cha jirani yetu kilikuwemo. Kwenye tableti unajaza dalili, inakuongoza upime nini, mwisho inapendekeza tiba. Vituo vilivyokuwa nayo watoto waliopewa antibaiotiki siku ya kwanza ni 23.2%, visivyokuwa nayo 70.1%. Soma tena hizo namba. Na watoto hawakuzidiwa zaidi, siku ya saba waliokuwa hawajapona walikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Sasa kwa nini nalileta hapa. Pale nako walikuwa wanaangalia takwimu za vituo, kituo hiki kinaandika kiasi gani kile kiasi gani, lakini zilikuwa za mrejesho, mnakaa mnajadili mbona sisi tuko juu hivi. Jamaa yangu wa pale alikuwa akiona namba zao zimepanda anapiga simu mwenyewe kuuliza. Huyo huyo mngemwambia ndo zinaamua cheti chake cha kazi angeanza kuijazia tableti dalili ambazo mtoto hana ili imruhusu dawa aliyoitaka. Namjua vizuri.

mbeba_stethoskopu_UK

Niko Uingereza, nilisomea nyumbani nikaja huku. Huku wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanafanya mtihani wa uandishi wa dawa kwenye kompyuta, PSA, maswali 60 saa mbili alama 200, na kitabu cha dawa unaruhusiwa kufungua. Ni mtihani mzuri tu, ila umekaa kwenye kiti, chumba kimya, hakuna simu, hakuna ndugu wa mgonjwa anakuvuta koti.

Cha kukusaidia wewe ni utafiti wa EQUIP, 2009, hospitali 19 za kaskazini magharibi mwa Uingereza. Wafamasia walipitia maagizo ya dawa zaidi ya 124,000, makosa yakawa 8.9%. Kila mtu alitegemea madaktari wa mwaka wa kwanza kazini ndo waharibifu. Kumbe wa mwaka wa kwanza 8.4%, wa mwaka wa pili 10.3%, na mabingwa wenyewe 5.9%. Mabingwa! Kwa hiyo kapendekeze na wao waprintiwe yao wabandike ukutani (natania, usifanye hivyo, unataka saini).

Na kwenye ule utafiti aliyehesabu alikuwa mfamasia anayesoma faili la mgonjwa, kidirisha hakikuhesabu kitu.

sista_wa_usiku

Mimi muuguzi. Mnaongea kompyuta kompyuta, uzito nani anajaza? Mzani wa wodi yetu umeharibika betri, mtoto anakuja usiku mama yake anasema "kilo kumi na kitu". Sehemu ya uzito ikiwa tupu hiyo mashine yenu inakaa kimya kama bubu. Siku nzima mko kijani.

tarajali_mchovu

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa zamu mbili mfululizo.

Nilifuata ushauri wa mfamasia. Kijana wa mifumo alisema orodha haipo, nikamwambia nimeambiwa ipo, akacheka akanitolea kwenye Excel. Nikakaa na rosta yangu usiku kantini mpaka wanafunga. Yale 52 yako hivi. 19 ni ya raundi, yote kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mabingwa wapo. 14 ni dawa kutokuwepo, na humo nimejiponza mwenyewe kwa sababu sehemu ya sababu nilibonyeza "nyingine" nikaacha tupu, ningeandika "famasi hakuna" ingenichukua sekunde nne. 12 siyo yangu kabisa, kuna siku nilikuwa na ruhusa nimesafiri kwenye msiba na mimi huyo huyo naandika dawa saa tisa alasiri. Zikabaki 7 zangu, niliziamua mimi peke yangu usiku. Katika hizo nne nikiulizwa leo ningeandika vile vile. Tatu ni makosa, hayana mjadala. Jentamaisini kwa mzee ambaye krietinini yake (kipimo cha figo) ilitoka asubuhi na sikufungua majibu. Nyingine mbili ni za aina hiyo hiyo, majibu yapo sikufungua.

Ila sista wa usiku dada yangu wewe ndo umeninyima usingizi. Niliposoma uliyoandika nikaenda kufungua zile za mwezi wangu wa pili, wodi ya watoto, zile za kijani ambazo hakuna mtu anaziuliza. Kuna mtoto alikuja usiku na malaria kali, kilo 12, uzito umeandikwa kwa kalamu kwenye faili ila kwenye mfumo pametupu. Nikaandika artesunati kwa miligramu 2.4 kwa kilo, hesabu ya mtu mzima, 28.8. Chini ya kilo 20 ni 3 kwa kilo, yani 36. Sista aliyekuwa zamu alikuwa ameshachanganya kichupa, miligramu 10 kila mililita, akashika sirinji juu kwenye taa akanambia "dokta hii mililita tatu kasoro ni ya huyu mtoto?", tukahesabu upya kwenye kiganja chake na kalamu, ikawa 3.6, akavuta tena. Mtoto alipona akaenda nyumbani. Kwenye faili lile kompyuta imeandika kijani.

daktari_mkongwe

Hiyo umekwenda nayo kikaoni?

tarajali_mchovu

Nilikwenda nayo. Nilikaa nayo mfukoni nusu saa nzima wakati wanajadili karatasi ya rangi, nikawaza nikiisema najimaliza mwenyewe maana hakuna aliyeijua. Nikaisema. Kukawa kimya, halafu bingwa wa watoto akauliza kwenye wodi yake ni faili ngapi hazina uzito kwenye mfumo, hakuna aliyejibu, kijana wa mifumo akaambiwa alete Jumatatu.

Msimamizi hajasaini. Kasema yale 12 yataondolewa kwa jina langu na yale ya raundi hatayahesabu, lakini kwa zile tatu za figo nikae wiki mbili famasi kila siku saa nane mpaka saa kumi nipitie cheti za wodi na mfamasia kabla hazijatoka, halafu ataangalia faili 30 zangu yeye mwenyewe na mtu mwingine, majina yamefunikwa. Sikubisha.

Leo ndo siku ya tatu famasi. Nimekuta cheti ya bingwa wangu ina warfarini na metronidazoli pamoja, dawa zinazogongana mgonjwa akaweza kuvuja damu. Wakuu nimpigie simu mimi au nimwachie mfamasia?

mfamasia_wa_zamani

Piga wewe. Anza na shikamoo, halafu mtajie mgonjwa na kitanda kabla hujataja dawa, na uwe na INR yake (kipimo cha kuganda kwa damu) mkononi.